Mchagua Jembe si Mkulima, Hata Katika Gofu

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumewafunza wanafunzi wetu miaka nenda miaka rudi. Wameiandika katika insha zao, wakapewa alama, kisha wakatoka darasani na kuiacha mlangoni. Nami nakiri kwamba sikuwahi kuipima kwa vitendo hadi mwaka uliopita, kijana mmoja niliyemfundisha fizikia alipobisha kwangu jioni ya Jumapili, mkononi ameshika fimbo ya gofu aliyoifunika kichwa kwa soksi kama mama amfunikavyo mwanawe asipigwe na baridi.

Shule ninayofundisha imepakana na uwanja wa gofu. Vijana wetu, hasa wale wa jamaa zisizojiweza, huenda huko Jumamosi na wakati wa likizo kubeba mikoba ya wachezaji, au kusaka vichakani mipira iliyopotea, ambayo huiosha na kuiuza kando ya barabara. Kijana huyu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, amepata nafasi katika chuo cha ufundi, na kwa kubeba mikoba ya watu alikuwa amejiwekea akiba ya shilingi elfu thelathini za karo ya muhula wa kwanza. Sasa mchezaji mmoja alikuwa tayari kumuuzia draiva yake, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa ya kupigia mpira wa kwanza, kwa bei hiyohiyo. Dukani fimbo kama hiyo ikiwa mpya huuzwa kwa zaidi ya shilingi elfu sabini.

"Mwalimu," akaniambia, "nimekuja kutaka ushauri wako, lakini nakuomba usinikataze."

Akanionyesha tangazo katika simu yake. Lilisema kwamba fimbo ile huongeza yadi kumi na tano. Yeye hupenda kucheza Jumatatu, siku ambayo wabeba mikoba huruhusiwa kuutumia uwanja, na aliamini kwamba yadi hizo ndizo zilizokuwa zikimtenga na maisha ya mchezaji wa kulipwa. Alichotaka kwangu ni kwamba nimshawishi mamake akubali chuo kingoje mwaka mmoja.

Msomaji mpendwa, si nia yangu leo kuukejeli mchezo wa gofu. Mchezo huu umekuwako nchini tangu mwaka wa 1906, klabu ya Nairobi ilipoanzishwa, na mashindano ya Kenya Open yamechezwa tangu mwaka wa 1967. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Ndoto ya kijana wangu, kwa hivyo, haikuwa ya alinacha. Swali langu ni jingine: je, wauzaji wa vifaa hivi humwambia kweli mnunuzi? Na kama hawamwambii, ni nani aliye na wajibu wa kumfunza kuipambanua kweli na uongo ikiwa si mwalimu?

Kwanza tuwape mafundi haki yao, kwani ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwa muda mrefu gofu ilichezwa huko Uskoti kwa mpira wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya bata bukini. Manyoya ya kujaza kofia nzima yalichemshwa na kusindikwa yangali na maji ndani ya kifuko cha ngozi. Yalipokauka yalitanuka, ngozi nayo ikajikaza, na mpira ukawa mgumu kama jiwe. Fundi hodari alimaliza mipira michache tu kwa siku, ndiyo sababu bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mvua iliponyesha, mpira uliloa na kupasuka.

Mnamo mwaka wa 1848 ukaja mpira wa gutapecha, yaani utomvu mgumu wa miti ya Malaya, uliolainishwa kwa maji moto na kuviringwa kwa mkono. Ulikuwa rahisi kutengeneza na bei yake ilikuwa ya chini. Allan Robertson wa St Andrews, aliyekuwa bingwa wa mchezo na fundi wa mipira ya manyoya, aliuchukia kwa kuwa ulimtilia mchanga kitumbua chake. Inasimuliwa kwamba alikosana na Tom Morris, aliyekuwa akifanya kazi chini yake, kwa sababu Morris alionekana akiuchezea. Lakini mpira mpya ulishinda, na Robertson mwenyewe akaishia kuukubali. Kisha likaonekana jambo la ajabu. Mpira wa gutapecha ukiwa mpya na laini uliporomoka upesi, lakini uliokwisha kuchubuliwa kwa fimbo ulipaa vizuri. Mafundi wakaanza kuuchanja kwa nyundo kabla ya kuuuza. Mwaka wa 1898 Coburn Haskell wa Ohio, Marekani, akabuni mpira wa nyuzi za raba zilizozungushwa kwenye kiini, na mwaka wa 1905 Mwingereza William Taylor akasajili mpira wenye vishimo tunaoufahamu leo.

Vishimo hivyo, ambavyo kwa kawaida huwa kati ya 300 na 500, ni somo zima la fizikia. Hewa inayoupita mpira laini huachana nao mapema, na nyuma ya mpira hubaki pengo pana la hewa iliyovurugika ambalo huurudisha nyuma. Vishimo huitibua ile hewa iliyo karibu kabisa na gamba, nayo ikaambatana na mpira kwa muda mrefu zaidi, na pengo la nyuma likawa jembamba. Upinzani wa hewa hupungua hadi karibu nusu. Isitoshe, fimbo huufanya mpira uzunguke kinyumenyume, na mzunguko huo huusaidia kupaa, jambo ambalo Profesa Peter Guthrie Tait wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alilieleza katika miaka ya 1890. Ni vijana wangapi wanaosaka mipira vichakani walioambiwa haya? Nimefundisha kanuni za mwendo kwa miaka mingi nikichora ubaoni mizinga ambayo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuiona, ilhali mifukoni mwao mlikuwa na vielelezo vya bure.

Tuitazame sasa biashara yenyewe. Mpira wa leo hauna manyoya wala nyuzi. Kiini chake ni raba ya viwandani iitwayo polibutadieni, inayochanganywa na kemikali, ikakatwa vipande, kisha ikaokwa katika kalibu zenye joto na shinikizo kubwa. Juu yake huweza kuwekwa tabaka moja au zaidi, kisha gamba la nje. Gamba la plastiki ngumu ya Surlyn hudumu na bei yake ni nafuu. Gamba la yurethani ni laini, na huruhusu mchezaji stadi kuusimamisha mpira karibu na shimo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mpira wa bei ghali na wa bei rahisi, na anayeihitaji ni yule awezaye kuitumia. Kwa pigo la kwanza la draiva, mipira hiyo miwili huenda mbali karibu sawa.

Majina yaliyopigwa chapa juu ya gamba ni habari nyingine. Tiger Woods aliposhinda mashindano ya wazi ya Marekani pale Pebble Beach mwaka wa 2000, akiwaacha wenzake kwa mapigo 15, mpira wake ulikuwa na jina la Nike, lakini waliouunda ni Bridgestone wa Japani. Mwaka wa 2016 Nike iliacha kutengeneza fimbo na mipira, na Woods akahamia mpira wenye jina la Bridgestone lenyewe. Mwaka huohuo wa 2016 maduka ya Costco ya Marekani yalianza kuuza mpira wa tabaka nne kwa jina lao la Kirkland, kwa bei ambayo ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mipira mashuhuri. Wachezaji walipoupima na kuona kwamba hauko nyuma, uliisha madukani kwa muda mfupi, na walioupata wakaanza kuulangua kwa bei ya juu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali! Sisemi kwamba majina yote ni hadaa. Titleist, kwa mfano, imejenga sifa yake tangu mwaka wa 1935 kwa kuhakikisha kwamba kila mpira unafanana na mwenzake, na hilo si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba jina halirushi mpira.

Na draiva je? Hapa pia tuwe waadilifu, kwa maana si kila kipya ni ulaghai. Kwa miaka mingi kichwa cha fimbo hii kilichongwa kwa mti mgumu wa mpersimoni. Mwaka wa 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade akiuza fimbo za kichwa cha chuma. Mwaka wa 1991 Callaway ikaleta Big Bertha, iliyopewa jina la mzinga wa Wajerumani wa Vita Vikuu vya Kwanza, na mwaka wa 1995 ikafuata ya titani, madini mepesi na yenye nguvu. Vichwa vikawa vikubwa, na mpira uliopigwa kando ya kitovu haukupotea sana kama zamani. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kweli. Wachezaji wa ngazi ya juu nchini Marekani walikuwa wakipiga wastani wa yadi 260 hivi mwaka wa 1993, na kufikia mwaka wa 2003 wastani huo ulikuwa umefika yadi 286 hivi, kwa msaada wa fimbo hizo na mipira mipya ya yurethani.

Watunga sheria, yaani R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, wameweka mipaka. Mpira usizidi uzito wa gramu 45.93, wala kipenyo chake kisipungue milimita 42.67. Kichwa cha draiva kisizidi sentimita 460 za ujazo. Na uso wake usidunde kupita kiwango cha 0.83, yaani vitu viwili vikigongana, kasi ya kuachana isizidi asilimia 83 ya kasi ya kukutana. Kampuni zote kubwa zimekwisha kuufikia ukuta huo na kuegemea. Matangazo, hata hivyo, hayakunyamaza. Kila mwaka fimbo mpya, kila mwaka yadi kumi zaidi. Hebu tufanye hesabu ya darasa la nne: yadi kumi kwa mwaka, kwa miaka ishirini tangu 2003, ni yadi mia mbili. Wale mabingwa wangekuwa wakipiga yadi 486 mwaka wa 2023. Ukweli ni kwamba wastani wao mwaka huo ulikuwa yadi 300 hivi. Yadi kumi na nne katika miaka ishirini, na sehemu ya hizo imetokana na mazoezi ya viungo na mafunzo bora. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa walimu wenzangu wa fizikia nawaletea hesabu nyingine. Chukua kichwa cha fimbo chenye uzito wa gramu 200 na mpira wa gramu 46. Kasi ya mpira ni kasi ya fimbo, mara moja na kiwango cha mdundo, kugawanya kwa moja na uwiano wa uzito wa mpira kwa ule wa fimbo. Fimbo ikija kwa mita 40 kwa sekunde na mdundo ukiwa 0.83, mpira utaondoka kwa mita 59.5 kwa sekunde. Fimbo duni kidogo yenye mdundo wa 0.82 itautoa kwa mita 59.2. Tofauti hiyo kiwanjani ni kama yadi moja au mbili. Lakini kijana akiongeza kasi ya fimbo yake kutoka mita 40 hadi 41, mpira utaondoka kwa mita 61, faida karibu mara tano ya ile ya kwanza, na hakulipa hata ndururu. Aidha, apandaye kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 hivi, hupata hewa nyepesi inayomwongezea yapata asilimia sita ya umbali. Mtu apigaye yadi 220 pwani ataongeza yadi kumi na tatu kwa nauli ya basi!

Hesabu hizo nilimfanyia kijana wangu jioni ile. Alizielewa zote, kwa maana alikuwa mwanafunzi mwerevu, lakini macho yake hayakubanduka kwenye soksi. Basi tukaafikiana kwamba mwenye fimbo aombwe muda wa siku tatu, na kesho yake, Jumatatu, tuijaribu. Tuliazima draiva kuukuu kwa mbeba mikoba mwenzake, tukachukua mipira ya aina moja, naye akapiga mipira kumi na mitano kwa kila fimbo, akibadilisha kila baada ya mitano ili uchovu usiipendelee yoyote. Mimi nilipima kwa hatua na kuandika katika daftari. Tulipopiga wastani, fimbo mpya ilikuwa mbele kwa hatua nne. Lakini kati ya pigo lake bora na pigo lake baya, kwa fimbo ileile moja, mlikuwa na zaidi ya hatua arobaini. Fimbo na fimbo zilikaribiana. Aliyekuwa mbali na nafsi yake ni mpigaji.

Alilitazama daftari kwa muda. Kisha akanijibu kwa neno ambalo halijanitoka akilini hadi leo.

"Mwalimu, hesabu nimeziona. Lakini fimbo hii si ya kupigia mpira tu. Ni ya kupigia hodi. Nikisimama pale na fimbo ya zamani, nani atanitazama?"

Nilikosa la kumjibu. Nilikuwa nimejiandaa kukabiliana na ujinga wa kijana, kumbe kijana hakuwa mjinga. Alikuwa ameusoma ulimwengu wa watu wazima akaona jinsi unavyopima watu. Tena nikakumbuka kwamba muhula uliotangulia mimi mwenyewe niliwaagizia wanafunzi wangu kitabu cha marudio kwa sababu ya jalada lake la kung'aa na ahadi yake ya alama ya A, pasipo kukilinganisha na kile cha zamani kilichokuwa kabatini. Wazazi walilipa. Nilipovilinganisha baadaye, nilikuta maswali mengi ni yaleyale, mpangilio tu ndio uliobadilishwa. Je, nilikuwa na kinywa cha kumlaumu kijana?

Kwa hivyo sikumkataza, kama alivyoniomba. Nilimwambia kwamba hodi anayoizungumzia hupigwa mara moja tu, na mlango ukishafunguliwa watu watatazama mpira ulikoangukia. Nikamwambia pia kwamba chuo cha ufundi nacho ni mlango, na ufunguo wake alikuwa ameushika tayari. Akaenda zake bila kuaga vizuri. Siku ya tatu alimrudishia mwenyewe fimbo yake, na wiki iliyofuata alijiunga na chuo. Angali huko, na likizo ikifika hurejea kubeba mikoba na kucheza Jumatatu kwa fimbo za kuazima. Sijui kama atakuwa bingwa, wala sitaki kumpamba msomaji kwa mwisho mtamu kuliko uliotokea.

Lakini nina maombi matatu. La kwanza ni kwa walimu. Tusiridhike kumfunza mwanafunzi jina la kanuni na jina la aliyeivumbua. Tumfunze kulinganisha vitu viwili kwa haki: kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kurudia mara nyingi, kuandika matokeo yote hata yasiyompendeza, na kuuliza kama tofauti aliyoiona ni kubwa kuliko kigeugeu cha kawaida cha mpimaji. Somo hilo halihitaji maabara ya mamilioni. Litamfaa akinunua mbegu, dawa ya ng'ombe, simu, au kiatu.

La pili ni kwa wenye viwanja. Kila msimu mpya unapowaletea fimbo mpya, za zamani hubaki stoo zikiota kutu. Wekeni kasha moja la fimbo hizo kwa ajili ya vijana wawabebeao mikoba, wazitumie siku yao ya Jumatatu bila malipo. Kijana asiuze karo yake ili aonekane mchezaji mbele yenu. Mtazameni anavyopiga, msitazame anachopigia.

La tatu ni kwenu, wanafunzi. Tangazo likikuahidi zaidi, uliza: zaidi ya nini? Limepimwa na nani? Na katika mikono ya nani? Yadi kumi na tano za bingwa juu ya fimbo ya miaka thelathini iliyopita si yadi kumi na tano zako juu ya fimbo uliyo nayo. Kuna fimbo ikufaayo kuliko nyingine, kwa kuwa pembe ya uso na ulaini wa mpini hutegemea kasi ya mpigaji, na anayepiga polepole huhitaji uso ulioinama zaidi. Hilo hulijui kwa kusoma jina. Hulijua kwa kupiga na kupima.

Mezani pangu shuleni pana mpira wa gofu niliokata vipande viwili kwa msumeno wa chuma. Kila mwaka huupitisha darasani, wanafunzi wakashika kiini, wakahesabu tabaka, wakavipapasa vishimo. Katika kukata, jina la kampuni liligawanyika katikati, nusu huku na nusu kule, na bado hakuna mwanafunzi aliyeniuliza lilikuwa jina gani.